Kabla Hujamwaga Hela Shambani: Jinsi ya Kufanya Jaribio Dogo, Kupima kwa Usahihi na Kubaki Salama

Leo sitaanza na mbegu wala bei ya soko. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu limenifundisha kuliko mengi niliyosoma chuoni.

Misimu michache iliyopita nilitembelea shamba la mzee mmoja katika kata ninayohudumia, huku Nyanda za Juu Kusini. Mahindi yake yalikuwa yamesimama vizuri, kijani iliyokolea, mabua manene. Mzee akaniambia amepuliza busta, ile mbolea ya majani ya kwenye chupa, mara mbili. Nikapiga picha. Wiki iliyofuata nikawaonyesha vijana kwenye mkutano wa kikundi, nikasema, "Hii kitu inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu."

Kijana mmoja akaniamini. Alikuwa amekodi ekari tatu na hela ya pembejeo alikopa kwenye kikundi. Akapunguza mifuko ya urea ili apate pesa ya busta ya ekari zote tatu. Alipovuna alipata pungufu kuliko msimu uliotangulia, na deni likabaki palepale. Alinifuata ofisini. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu: "Bwana shamba, ulijuaje kuwa ni ile busta?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa yule mzee, na safari hii niliuliza maswali badala ya kupiga picha. Kumbe kipande kile kilikuwa zizi la ng'ombe kwa miaka mingi kabla hakijalimwa. Samadi ya miaka yote ile ilikuwa chini ya yale mahindi. Inawezekana busta ilisaidia, na inawezekana haikusaidia chochote. Kwa namna nilivyoangalia mimi, hakuna mtu ambaye angeweza kujua.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kanuni, na leo nawapa na ninyi: usimwage hela kwenye shamba zima kwa kitu ambacho hujakijaribu kwenye kipande kidogo, ukalinganisha, ukapima. Huu ndio uchunguzi wa kisayansi. Wengi tulikutana nao sekondari tukidhani ni mambo ya maabara na chupa za kioo. Kwa mkulima wa biashara, maabara ni shamba lake.

KWA NINI MACHO PEKE YAKE HAYATOSHI

Tuchukue namna mbili ambazo wakulima wengi hutumia kuamua.

Ya kwanza ni kulinganisha na mwaka jana. "Mwaka jana sikutumia nikapata gunia 12, mwaka huu nimetumia nimepata 16." Sasa ndugu yangu, mvua ilikuwa ileile? Ulipanda tarehe ileile? Mbegu ileile? Viwavijeshi walikuja kwa wingi uleule? Vitu vinne vimebadilika, wewe unakipa sifa kimoja.

Ya pili ni kulinganisha na jirani. Jirani ana udongo wake, palizi yake na tarehe yake ya kupanda. Pengine shamba lake liko bondeni, lako liko mlimani.

Ili ujue kitu kimoja kinafanya nini, lazima kila kitu kingine kibaki sawa: msimu mmoja, shamba moja, mbegu moja, siku moja ya kupanda, palizi moja. Kibadilike kitu kimoja tu, kile unachokijaribu. Na lazima uwe na sehemu ambayo haikupata kitu hicho. Hicho ni kipande cha kulinganishia, na bila hicho huna jaribio, una hadithi.

Kule Uingereza kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinaitwa Rothamsted. Mwaka 1843 mwenye shamba hilo, John Lawes, na mkemia Joseph Gilbert walianza jaribio la mbolea kwenye ngano katika uwanja uitwao Broadbalk. Jaribio hilo linaendelea mpaka leo, na ndani yake kuna sehemu ambayo haijawekwa samadi wala mbolea ya dukani tangu miaka ile. Wanaitunza ya nini sehemu inayotoa mavuno kidogo? Kwa sababu bila hiyo wasingejua mbolea inaongeza kiasi gani. Kama wenzetu wametunza kipande cha kulinganishia kwa zaidi ya miaka 170, wewe hutashindwa kutunza chako msimu mmoja.

HATUA YA KWANZA: ULIZA SWALI LINALOPIMIKA

"Je, busta hii ni nzuri?" Hilo halipimiki. Nzuri kwa nini? Kwa rangi? Kwa urefu? Rangi ya majani haiuzwi sokoni.

Uliza hivi: "Je, nikipuliza busta hii mara mbili kama kibandiko kinavyoelekeza, nitapata kilo nyingi zaidi za mahindi makavu kwa ekari kuliko nisipopuliza, na kilo hizo za ziada zitalipa gharama yake?" Hapo umeshajua utapima nini (kilo), kwa kipimo gani (kwa ekari, mahindi makavu), na utaamuaje (gharama).

Kisha andika makisio yako kabla ya kuanza. Mfano: "Nakisia nitapata angalau gunia mbili zaidi kwa ekari. Nikipata chini ya hapo, sinunui." Andika kwa kalamu na tarehe. Nimeona mara nyingi mtu akishapata matokeo anabadilisha alichokuwa anatafuta. "Ah, mavuno hayakuongezeka lakini punje zinang'aa." Makisio yaliyoandikwa mapema yanakuzuia kujidanganya.

HATUA YA PILI: GAWA VIPANDE

Chagua sehemu ya shamba iliyo sawa kadiri inavyowezekana. Epuka palipokuwa zizi, jalala, kichuguu, chini ya mti au pembeni mwa barabara. Waulize wazee wa hapo pamoja na mwenye shamba kama umekodi, wanajua historia ya ardhi ile.

Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja kwa shimo, fanya kipande cha mistari 8 chenye urefu wa mita 5. Upana unakuwa mita 6, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 30. Tengeneza vipande 8, yaani jozi nne. Katika kila jozi kipande kimoja kinapata busta na kingine hakipati.

Kwa nini jozi nne na siyo moja? Kwa sababu hata shamba moja halilingani. Hapa kuna rutuba, hatua kumi mbele kuna mchanga. Ukiwa na jozi moja tu, kitu kikitokea hujui ni busta au ni bahati ya mahali. Ukirudia mara nne, bahati inaanza kujulikana.

Nani aamue kipande kipi kipate busta? Siyo wewe. Bila hata kujua, mkono wako utakwenda kwenye kipande kilichosimama vizuri. Rusha sarafu kwa kila jozi: upande mmoja busta kushoto, upande mwingine busta kulia. Mambo haya mawili, kurudia na kupiga kura, yalisisitizwa sana na Ronald Fisher, mwanatakwimu aliyeanza kazi Rothamsted mwaka 1919. Watafiti wa vituo vyetu kama TARI Uyole nao hufuata kanuni hizohizo.

Chomeka kijiti chenye namba kila kipande, 1 mpaka 8. Kwenye kijiti usiandike "busta", andika namba tu. Maelezo yabaki kwenye daftari lako. Siku ya kupima mavuno mwambie mtu mwingine asome mzani bila kujua namba ipi ni ipi. Anayejua anachokitarajia husoma mzani kwa huruma.

Na vipande visivyopata busta vipulizie maji matupu, kiasi kilekile, siku ileile. Anza na vipande vya maji ndipo ufuate vya busta, pampu isije ikabeba mabaki.

HATUA YA TATU: PIMA KWELI, USIKADIRIE

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteza hela kimyakimya.

Ardhi. Tumezoea kusema ekari ni hatua 70 kwa 70. Ekari ni kama mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63.6. Hatua 70 zinafika hapo ikiwa kila hatua yako ni sentimita 91 hivi. Sasa kama hatua yako ni sentimita 80, hatua 70 ni mita 56. Zidisha 56 kwa 56 unapata mita za mraba 3,136, ambayo ni zaidi kidogo tu ya robo tatu ya ekari. Umelipa kodi ya ekari, umenunua mbegu ya ekari, umepata robo tatu. Halafu unashangaa mavuno "kwa ekari" yako chini! Nunua tepu ya mita 50, au pima kamba kwa rula ndefu, ufunge fundo kila mita.

Mbolea. Kwa nafasi niliyotaja, ekari inabeba mashimo karibu 18,000. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 ukigawanywa humo, kila shimo linapata kama gramu 2.8. Wengi tunatumia kizibo cha soda. Sawa, lakini kizibo cha nani? Kilichojaa mlundo na kilichosawazishwa ni tofauti, na urea haina uzito sawa na DAP. Fanya hivi: jaza vizibo 20 vilivyosawazishwa, mwaga kwenye mzani mdogo wa jikoni, gawanya kwa 20. Hapo unajua kizibo chako kina gramu ngapi. Kwa kipande chetu cha mita za mraba 30, kiwango hicho cha mfuko mmoja kwa ekari ni gramu 370 hivi. Pima kwa mzani, weka kwenye mfuko wa kila kipande kabla hujaenda shambani. Vipande vyote 8 vipate kiasi sawasawa.

Mzani. Kabla ya kuuamini, upime wenyewe. Weka ndoo tupu, soma. Ongeza lita moja kamili ya maji, soma tena. Tofauti iwe kilo moja, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Ikija gramu 900 au 1,100, mzani huo utakudanganya wakati wa kuuza pia, siyo kwenye jaribio tu.

Pampu ya mgongoni. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Weka maji matupu ya kiasi unachokijua, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 2 kwa mita za mraba 100. Kwa ekari utatumia kama lita 81. Pampu yako ikiwa ya lita 16, hizo ni pampu 5. Kama kibandiko kinasema mililita 200 kwa ekari, kila pampu inapata mililita 40. Kijana mwenye mwendo wa haraka na mzee mwenye mwendo wa taratibu hawatumii maji sawa, kwa hiyo usinakili kipimo cha mwenzako.

Mavuno. Usivune kipande chote. Mistari ya pembeni imeguswa na busta ya jirani yake au imekula mbolea ya nje. Vuna mistari 4 ya katikati, na acha nusu mita kila mwisho. Unabaki na mita 3 kwa mita 4, yaani mita za mraba 12. Kilo ulizopata zidisha kwa 337 upate kilo kwa ekari. Kilo 6 hapo ni kama kilo 2,020 kwa ekari, gunia 20 za kilo mia.

Unyevu. Hili naomba ulisome mara mbili. Mahindi mabichi ni mazito kwa sababu ya maji, na maji hayauzwi. Tuseme kipande A kimetoa kilo 20 kikiwa na unyevu wa asilimia 25, na kipande B kilo 18.5 kikiwa na asilimia 18. Kwa macho A ameshinda. Sasa tuvilete vyote kwenye unyevu wa kuhifadhia wa asilimia 13.5. A: 20 mara 75 gawanya kwa 86.5, unapata kilo 17.3. B: 18.5 mara 82 gawanya kwa 86.5, unapata kilo 17.5. Kumbe aliyeshinda ni B! Kama huna kipimo cha unyevu, anika vyote juu ya turubai moja, siku zilezile, mpaka vikauke sawasawa, ndipo upukuchue na kupima.

DAFTARI NI MALI

Akili husahau, tena husahau upande unaotaka. Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu ya wino: tarehe ya kupanda, mbegu, mbolea, tarehe ya kupuliza, wadudu uliowaona, namba ya kipande. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa na uandike sahihi pembeni. Usichane karatasi.

Mvua nayo ipime. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, lisimamishe mahali pa wazi, pima kina cha maji kila asubuhi kwa rula kisha yamwage. Milimita moja ni sawa na lita moja kwa kila mita ya mraba. Msimu ukiwa mbaya utajua ulikuwa mbaya kiasi gani.

Kitu kibaya kikitokea, mfano ng'ombe wameingia kipande namba 5, kiandike. Usikifiche na usikijaze kwa namba ya kubuni. Kipande kilichopotea ni bora kuliko namba ya uongo.

USALAMA: MWILI WAKO HAUNA KIPANDE CHA KULINGANISHIA

Maabara yoyote nzuri ina sheria ukutani. Shamba letu lina kemikali kuliko maabara nyingi za shule, lakini halina ukuta wa kubandika sheria. Kwa hiyo zibandike kichwani.

Nilipokuwa mafunzo kwa vitendo, nozeli ya pampu iliziba. Nilikuwa najua sheria zote, nimeziandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Lakini jua lilikuwa kali, nilikuwa na haraka, nikaiweka nozeli mdomoni nikapuliza. Jioni kichwa kiliuma, mate yakajaa mdomoni, macho yakaona ukungu, nikatapika mpaka nikaishiwa nguvu. Nilipona kwa sababu wenzangu walinikimbiza hospitali wakiwa na kibandiko cha ile dawa mkononi. Kujua sheria hakukunisaidia chochote siku ile. Kinachosaidia ni mazoea.

Haya ndiyo mazoea yenyewe:

1. Soma kibandiko kabla ya kununua, siyo baada ya kufungua. Angalia ukanda wa rangi chini yake: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, kisha bluu, kisha kijani. Kijani haimaanishi unaweza kuonja. Angalia pia tarehe ya mwisho na kama kiuatilifu kimesajiliwa na TPHPA.

2. Vaa glavu nzito za mpira, buti, nguo ya mikono mirefu na miwani. Suruali iwe nje ya buti ili dawa isitiririkie ndani. Kibandiko kikitaka barakoa yenye kichujio, ya kitambaa haitoshi.

3. Weka maji nusu pampu kwanza, ndipo uongeze dawa uliyopima, kisha jaza maji. Usichanganye dawa mbili, wala dawa na busta, kwa sababu fulani alikwambia. Kama vibandiko haviruhusu, usifanye.

4. Kikombe, kijiko na mzani wa kupimia dawa visirudi jikoni kamwe. Mzani wa chakula uwe wa chakula. Vipake rangi nyekundu, mama na watoto wajue.

5. Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Hata kidogo, hata kwa siku moja. Mtoto mwenye kiu hasomi, anaona soda.

6. Puliza asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, na usitembee kuelekea kwenye ukungu wa dawa. Usile, usivute sigara, usijifute jasho kwa glavu. Nozeli ikiziba, tumia maji na mswaki wa zamani.

7. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu na kila maji ya kusuuzia yarudi ndani ya pampu. Kisha itoboe isitumike tena.

8. Vile vidonge vya kufukizia mahindi ghalani vikikutana na unyevu hutoa gesi inayoua. Usivitumie ndani ya nyumba wanamolala watu, hata chumba cha pili.

9. Heshimu siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Mteja wako naye ana mwili.

Ajali ikitokea: dawa ikimwagikia ngozi, vua nguo mara moja na uoge kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha. Mtu akimeza, usimtapishe na usimpe maziwa, hata kama kila mtu kijijini anasema maziwa yanakata sumu. Mkimbize hospitali na ubebe chupa au kibandiko ili daktari ajue anapambana na nini. Hali ni hiyohiyo ukiona mtu aliyekuwa anapuliza anatokwa mate na jasho jingi, anatetemeka misuli au anapumua kwa shida.

YULE KIJANA ALIRUDI

Msimu uliofuata nilimwendea yule kijana nyumbani. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake, kisha nikamwambia, "Tufanye safari hii kwa kupima." Alisita, na alikuwa na haki. Mwishowe akatoa kipande kidogo cha shamba, mimi nikatoa mzani, tepu na chupa moja ya busta kwa hela yangu. Tulirusha sarafu. Tulipuliza. Tulivuna mistari minne ya katikati. Haya ndiyo yaliyoko kwenye daftari lake, kilo za mahindi makavu kwa mita za mraba 12:

Jozi ya 1: bila busta 5.4, kwa busta 5.9.
Jozi ya 2: bila busta 6.1, kwa busta 5.8.
Jozi ya 3: bila busta 4.9, kwa busta 5.3.
Jozi ya 4: bila busta 5.8, kwa busta 5.6.

Wastani bila busta ni 5.55, kwa busta ni 5.65. Nilikuwa karibu kusema, "Unaona, imeongeza kidogo." Yeye akanizuia. Akasema, "Bwana shamba, angalia vipande visivyopata kitu. Kimoja kina 4.9, kingine 6.1. Shamba lenyewe linatofautiana kilo 1.2. Hii 0.1 yako itatoka wapi?" Tena busta ilishinda jozi mbili ikashindwa mbili, kama sarafu tuliyorusha.

Na hata tukiikubali hiyo 0.1, ni kama kilo 34 kwa ekari. Tuseme kilo ni shilingi 600, unapata 20,400. Tuseme busta ya kupuliza mara mbili pamoja na kibarua ni 30,000 kwa ekari. Umepoteza karibu elfu kumi kwa kila ekari huku ukisifiwa kuwa shamba lako ni la kijani.

Naomba nisieleweke vibaya. Hatukuthibitisha kuwa busta zote hazina maana. Tulipima moja, kwenye udongo mmoja, msimu mmoja. Shamba lenye upungufu wa madini fulani, mfano zinki, linaweza kuitikia mbolea ya majani yenye madini hayo. Ndiyo maana napenda jaribio liende pamoja na kupima udongo: chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu 10 hadi 15 kwa kutembea zigizaga, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, peleka nusu kilo maabara. Ukijua udongo unakosa nini, unajua swali gani la kuuliza.

Msimu huu swali lake ni jingine: je, akifukia urea badala ya kuirushia juu ya udongo, anapata kilo ngapi zaidi? Tunajua urea ikiachwa juu, hasa pakiwa na unyevu na joto, sehemu ya naitrojeni yake hugeuka hewa ya amonia na kupotea. Lakini hataki kuniamini kwa maneno, anataka kuona kwenye mzani wake. Amepanga vipande 8, ameandika makisio, ameweka tarehe. Sarafu amerusha mdogo wake.

Sikumwambia kwamba anavyofanya hivyo ananifurahisha. Namwambia hapa: mkulima asiyeniamini kwa maneno tu ndiye ninayemtaka.

Kazi yako wiki hii ni moja. Kabla ya msimu kuanza, chukua daftari, andika swali moja kuhusu shamba lako ambalo mzani unaweza kulijibu. Kisha nenda kapime hatua yako kwa tepu, ujue ekari unayolipia ni ekari kweli.

Tukutane shambani.